Mkaguzi Aliyetiiwa Kupita Kiasi

Ukipita kijijini kwao, nje kidogo ya Mafinga, ukauliza Mkaguzi alikufa kwa nini, utajibiwa bila kusita: mionzi. Watakuambia kwa huruma kabisa, na wengine watakupa kiti kwanza ndipo wakuambie. Mimi nafanya kazi na mionzi tangu nitoke chuoni, na Mkaguzi ndiye aliyenifundisha kuiheshimu bila kuiogopa. Kwa hiyo nasema mapema, ili mtu asije akanisoma mpaka mwisho akitegemea jingine: mionzi haikumuua. Kilichomuua ni saratani ya koo. Na kilichomuumiza kuliko saratani ni watu waliompenda. Miezi yake ya mwisho alitaka kitu kimoja tu, jirani aje akae naye uani wapige soga, na kitu hicho kidogo kikakaribia kushindikana kwa sababu majirani wale walikuwa wanafunzi wake, tena wasikivu.

Jina lake silitaji, na kazini sikumbuki kama kuna aliyewahi kulitumia. Masista wa hospitali yetu ya misheni walimwita Mheshimiwa Mkaguzi, hasa siku walizomkasirikia. Madereva walimwita Mzee Mionzi. Sisi wa chumba cha eksirei tulisema Mkaguzi tu, kana kwamba nchi nzima ina mmoja, na kwa upande wetu ilikuwa karibu na kweli. Ofisi yake ilikuwa Mbeya, lakini ukaguzi wake ulianzia mpakani Tunduma ukaja mpaka Iringa mjini. Kila hospitali yenye eksirei, kila mkandarasi wa barabara mwenye kifaa chenye mionzi cha kupimia ushindiliaji wa udongo, wote walikuwa wake.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele, na koti la kijivu hakulivua hata siku za jua kali. Kipima mionzi chake alikipakata garini. Hakukiweka nyuma na mizigo hata siku moja. Chombo kile kikiwashwa hulia ti, ti, ti, na madereva wakakibatiza jina la mtetea, maana kililia kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mzee, mtetea wako leo amekula?" walimtania, wakimaanisha betri. Naye hakukosa jibu. Alisema mtetea ameshiba, anayeonekana na njaa ni dereva.

Ajabu ni kwamba mtu huyu, niliyekuja kumwona akitembea kukifuata kitu ambacho sisi wengine tulikikimbia, aliogopa mbwa. Hospitalini kwetu kulikuwa na mbwa mmoja mzee wa mlinzi, hana meno, mchana kutwa amelala. Mkaguzi hakushuka garini mpaka mbwa yule afungwe. Alishusha kioo kidogo akauliza, "Amefungwa kweli, au mmemfunga kwa maneno?" Tulimcheka waziwazi, na hakuona aibu. Alisema mbwa hapimiki, ndiyo maana.

Halafu suala la chakula. Kwetu mgeni akiingia, hata kama amekuja kukudai, kwanza anywe kitu. Mkaguzi alikataa kila kitu, hata maji, mpaka amalize kazi na kutia saini. Alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa, akavila garini peke yake vioo vimefungwa. Sista Mkuu, mwanamke wa Kibena aliyezoea kulisha watu, alichukizwa mno. "Huyu anatuona wachawi," alisema. "Wageni wetu wa ng'ambo wanakula, maaskofu wanakula, yeye nani?" Lakini saini ikishawekwa, Mkaguzi aliingia jikoni mwenyewe bila kualikwa, akachukua sahani akasema, "Haya, nipeni ugali sasa, nimeshamaliza kuwaudhi." Na alikula kweli. Wapishi walimsamehe kila mara kwa ajili ya kula kule.

Siku moja sisi wa eksirei tulimwomba atuandikie kwenye ripoti kwamba tunastahili kupewa maziwa. Kule kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga kuna waliokuwa wakipewa maziwa kwa sababu ya vumbi, nasi tukaona, vumbi na mionzi, kipi kibaya? Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba tochi ya mlinzi, akamulika mkono wa mwenzangu, akaizima. "Mkono unawaka?" Hauwaki. "Kesho utawaka?" Tukacheka. "Basi eksirei ni hivyo hivyo. Ukizima, imekwisha. Haikai mwilini kusubiri maziwa. Maziwa kunyweni, ni mazuri, lakini msinisingizie mimi." Maneno yale nimeyarudia kwa wagonjwa miaka na miaka, na kwa wengi yameingia.

Nilimchukia mara moja tu, siku aliyofunga chumba changu.

Mashine yetu ilikuja kwa kontena kutoka kwa marafiki wa misheni ng'ambo. Ilipofika kulikuwa na ibada, kwaya, ng'ombe akachinjwa. Chumba kilijengwa haraka na mafundi wa usharika, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na benchi ambapo kina mama wajawazito walisubiri kliniki, wakiegemeza migongo yao pale pale, kwa kuwa ukuta ule ulipata jua la asubuhi. Mkaguzi aliniambia nipige picha ya ndoo ya maji mahali pa mgonjwa, yeye akaenda kusimama kule nje na mtetea wake. Nilipotoka nilimkuta amewasimamisha kina mama wote, na mkono mmoja ameuweka ukutani kama anayepapasa mgonjwa.

"Nani alisema tofali moja linatosha kuzuia mionzi?" aliuliza. Alizunguka akaja kufunga mlango wangu, akapiga lakiri.

Sista Mkuu alikuja mbio, shela inapepea. "Mheshimiwa, Mungu ametuletea mashine kutoka Ulaya, wewe unatuletea lakiri?"

"Mungu alileta mashine, Sista," alisema kwa upole. "Ukuta mmejenga nyie."

Wiki zile zilikuwa mbaya. Waliovunjika walipakiwa kwenye magari kwenda Iringa, na barabara yetu ya vumbi kila mtu anaijua. Nilisikia mtoto akilia kwenye gari mpaka limepotea kwenye misonobari, na nilimlaani Mkaguzi kwa sauti. Ukuta ulipoanza kujengwa upya, alikuja Jumamosi asiyokuwa kazini, akasimama ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Alisema mkaguzi hashiki mwiko, akishika mwiko kesho atakagua kazi yake mwenyewe. Lakini fundi alipokosea kidogo tu alipiga kelele kutoka kule, "Wewe! Ziba hiyo nafasi! Mwanga unapita hata pale panya hapiti!" Siku nzima alikuwa hapo, akichungulia kama mama mkwe, na jioni sauti ilikuwa imemkauka.

Mwaka huo huo walikuja wageni kutoka shirika la kimataifa linalosimamia usalama wa mambo haya. Walikuwa wanazunguka kuona nchi inavyojikagua. Mmoja wao alikuwa mama mfupi wa kizungu, mwenye viatu vya shamba, kutoka nchi ya baridi ambako kinu cha umeme wa nyuklia kiliwahi kulipuka yeye akiwa mtoto wa shule. Mkaguzi alizungumza naye Kiingereza chake cha polepole, kila neno analipima kabla ya kulitoa. Walibishana kutwa. Alimwambia mafunzo yao ni mazuri, ila kila kijana anayepelekwa kusoma harudi. Alimwambia vifaa walivyotupa vinahitaji kurudishwa nje kusahihishwa vipimo, na huko kwenye forodha vinakaa mpaka vinazeeka. "Mmetupa jiko," alisema, "mkaa mmebaki nao." Yule mama hakukasirika. Aliandika, akamwomba arudie.

Baadaye, wakiwa chumbani kwangu, ndipo mama yule alipotusimulia. Kinu kilipolipuka, wakubwa walijua siku ile ile, na wakanyamaza. Watoto wakaachwa wacheze nje. Yeye alicheza kamba na dada yake, jua lilikuwa zuri. Mkaguzi ndiye aliyekuwa akitutafsiria, na alipofika kwa yule dada alishindwa kuendelea, akageukia ukuta akajifanya anaangalia swichi. Mpaka leo hatujui yaliyompata dada yule.

Toka siku hiyo alipata msemo, akausema kila alipokwenda: kipimo ni mali ya aliyepimwa. Akikupima, lazima akuonyeshe namba, hata kama wewe ni mfagiaji, hata kama hujui kusoma. Atakueleza mpaka ujue. Waganga wakuu waliokuwa wanamvuta pembeni, "Mzee, hili tulimalize sisi kwa sisi," walijuta. Alirudia namba kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Rafiki yake mkubwa katika kazi alikuwa mwenzake wa upande wa Zambia. Kwa utaratibu, nchi mbili zikitaka kuazimana kifaa, barua inapanda mpaka kwa wakubwa, inavuka, inashuka, na kifaa kinafika wakati shida imeshajimaliza. Wao wawili walikuwa wanakutana Tunduma kwenye mgahawa, kila mmoja na mtetea wake begani. Wanavilaza mezani, wanavilinganisha, chako kinasemaje, changu kinasemaje, na kimoja kikionekana kinasinzia, mwenye kizima anampa mwenzake akatumie. Nilimuuliza kama hilo linaruhusiwa. Alisema mionzi ikivuka mpaka haigongi muhuri.

Na mwenzake huyo ndiye aliyevuka kuja kumsaidia wakati wa lile tatizo la Rujewa. Kampuni moja ya barabara iliibiwa kile kifaa chao cha kupimia ushindiliaji, kikiwa kwenye pikapu iliyoegeshwa Chimala. Ndani ya kifaa hicho kuna punje ndogo ya mionzi, na mwizi hakujua, alidhani ameiba mashine ya maana. Alipoona hakiuziki akalivunja sanduku lake akauza chuma. Mkaguzi aliniomba nikamsaidie, maana ofisini kwake watu walikuwa safarini, na Sista Mkuu, pamoja na hasira zake, akaniruhusu. Tulipita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mmoja mmoja, Chimala, Igurusi, mpaka Rujewa. Hatimaye mtetea alianza kulia kwa haraka kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga. Kile kipande chenye punje ndani, kizito na kidogo, mwenye mashine alikuwa anakitumia kugandamizia turubai la mpunga ulioanikwa, upepo usilipeperushe. Wanawake walikuwa wanapepeta pembeni yake. Kumbe mwenye mashine alikipenda sana, alisema kinakaa vizuri kuliko tofali.

Sisi tulirudi nyuma kama tulivyoambiwa. Yeye na Mzambia walikwenda kwa zamu, na koleo lenye mpini mrefu, bila haraka na bila kuchelewa. Nilimwona mgongo tu. Kilipoingia kwenye chombo chake cha madini ya risasi kinachozuia mionzi, alikaa chini kwenye makapi ya mpunga akacheka. Waliokuwa pale walipimwa hospitalini, na tulishukuru Mungu, hakuna aliyedhurika.

Lakini Rujewa ilimkaa kichwani. Alikuwa anaona turubai kila mahali. Alianza kuzunguka makanisani, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, baada ya ibada, akiomba dakika chache. Alichora ubaoni ile alama ya mionzi, na watu wakasema ni feni, basi naye akaiita feni. Ukiona feni, usiguse. Rudi nyuma, kaa mbali. Shika watoto. Kama lazima kisogezwe, kisogezwe kwa mti mrefu, si kwa mkono, na toa taarifa. Watoto wa Shule ya Jumapili waliyatia wimbo. Kijijini kwake ndiko alikofundisha zaidi, kwa kuwa ndiko alikopanga kustaafia, na alijivuna kwamba hata bibi kizee wa pale ukimuamsha usingizini atakuambia habari za feni. Nilikuwapo siku moja nikaona alivyokuwa anawasikiliza watoto, midomo yake inatembea pamoja nao.

Sasa niseme habari ya chai. Mkaguzi alikunywa chai inayotokota. Alimimina kutoka kwenye chupa akanywa pale pale, na ukimwambia ingoje kidogo alijibu kwamba chai isiyounguza ni maji ya kuogea. Mtu aliyepima kila kitu duniani hakuwahi kupima kikombe chake. Alipoanza kukwama na chakula, alificha. Yeye, mwenye namba za kila mtu mlango wazi, alimficha mkewe msimu mzima, akisema ugali wa siku hizi mkavu. Daktari wa Mbeya alipoona koo lake alimuuliza kuhusu vitu vya moto, akasema huenda chai ile ina mchango, hana hakika. Nani atakubali hilo? Kila nyumba ya Nyanda za Juu ina chupa ya chai ya moto mezani. Mtu amefanya kazi na mionzi maisha yake yote, anaugua saratani, na wewe unataja chai. Watu walimwangalia mkewe kama aliyechanganyikiwa.

Vipimo vyake vya kazini nilivijua, kwa kuwa mwenyewe alituonyesha. Mimi ninayepiga picha kila siku, kipimo changu kilikuwa juu ya chake.

Alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi. Alilala chini ya mashine kubwa, akaniambia kwa simu, sauti imeanza kukwaruza, kwamba aliwauliza wale vijana maswali mpaka wakakaribia kumfukuza. Alifurahi kwamba walijibu. Habari zilipofika kijijini zilikuwa fupi kuliko hizo: amepigwa mionzi, tena mingi, kila siku.

Aliporudi kijijini, hakuna aliyekuja.

Mkewe ndiye aliyenipigia. Tulikuwa tunaitana mama na mwanangu tangu zamani. "Mwanangu, hebu njoo," alisema. "Watu hawaji. Si kwamba wamegoma, wanaleta kila kitu. Viazi wanaleta, kuni wanaleta, maziwa. Wanaacha kule mwanzo wa njia, wanaita, 'Hodi mama! Tumeacha hapo!' halafu wanarudi nyuma. Watoto wamewashika mikono. Baba anawaona kutoka hapa alipokaa. Anasema wanafanya sawasawa na alivyowafundisha. Anacheka, lakini anacheka vibaya."

Nilikwenda Jumamosi, na kipima mionzi cha hospitali kimefungwa kwenye kanga. Yeye ndiye aliyeniagiza nikilete. Nilimkuta uani, amekonda mpaka lile koti limekuwa la mtu mwingine, amekaa juu ya jiwe kubwa jeusi linalotokeza ardhini mbele ya nyumba, kama mengi ya huko kwetu, akiota jua. Alinyoosha mkono kabla sijafika, na nilipoushika hakuuachia upesi. Niliona kwamba mkono ule ulikuwa na siku nyingi haujashikwa na mtu wa nje, nikalia hapo hapo, akanikemea.

Alikuwa amepanga kila kitu. Mwenyekiti wa kitongoji, Baba Upendo, aliyekuwa rafiki yake wa kwaya na fundi wa kiwanda cha mbao, ameombwa awaite watu. Wakaja, wengi kweli, wakasimama kule kwenye mstari wa misonobari, wamevaa vizuri kama wa kanisani. Sauti yake haikuweza kufika hata nusu ya njia, hivyo akaninong'oneza mimi niseme kwa niaba yake. Mpango wake ulikuwa huu: nipime jiwe kwanza, halafu yeye, halafu Baba Upendo kama atakubali. Alitaka wasikie kwamba kila kitu duniani kinalia kidogo, mawe yetu haya hasa, tangu Mungu alipoumba dunia. Na kwamba yeye halii kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliinuka kwa kuegemea mkewe, akasogea pembeni. Nikawasha, nikaweka chombo juu ya jiwe. Kikalia ti-ti-ti-ti, kama kawaida ya mawe. Nikasikia watu wakishtuka kule. Nikampima yeye, kifuani, shingoni, tumboni, mikononi. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Nilisoma namba kwa sauti, ya jiwe na ya mtu, nikaanza kueleza. Sikumaliza.

"Imehama!" alisema Baba Upendo.

"Nini, baba?"

"Mionzi imehama! Si umesikia? Ile jiwe inalia kuliko yeye. Anaikalia kila siku tangu arudi, sasa mionzi yote imeshuka, imeingia kwenye jiwe. Yeye mwenyewe amebaki safi!"

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Na wakaja. Mstari wote ule ulivunjika, wakaja wakipita mbali na jiwe, na Baba Upendo akiwa mbele akamshika Mkaguzi mikono yote miwili, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene, ndugu yangu. Kamwene. Tulikuogopa, utusamehe. Mwenyewe si ndio ulisema tukae mbali." Alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima wa kiwanda cha mbao. Nyuma yake watu walikuwa wanapanga foleni kumpa mkono, na watoto walikuwa wameachiwa.

Nilikuwa nimesimama na chombo mkononi, nina hasira. Nilijua kosa lao liko wapi, na yeye alijua zaidi yangu. Neno moja lingetosha. Jiwe lile lilikuwa linalia hivyo kabla babu zao hawajafika Mafinga. "Mzee," nilimwambia, "waambie. Au niwaambie mimi."

Alinitazama juu ya bega la Baba Upendo. Nilimwona anafungua mdomo, na ninaapa alikuwa anataka kusema, maana nilijua anavyokuwa akiwa na namba mdomoni. Halafu msichana mdogo akamshika kidole.

"Zima hiyo," aliniambia.

Nikazima.

Vijana wa kiwandani walikuwa wameshakwenda kuleta miti na sururu, jiwe ling'olewe likatupwe kule korongoni. Walikuja wamevaa glovu. Baba Upendo alimuuliza Mkaguzi kama wanafanya sawa, na wote wakageuka kumsikiliza. Aliletewa kiti. Nikadhani sasa atasema. Akasema, kwa ile sauti ya kukwaruza, "Miti mirefu zaidi. Msiliguse kwa mkono. Mmoja akichoka, mwingine apokee." Nikalazimika kurudia maneno yake kwa nguvu ili wayasikie. Walifanya kazi ile kwa zamu, kwa utaratibu ambao sijauona hata kwa wasomi, watoto wamewekwa nyuma, kila mtu mahali pake. Jiwe lilikuwa na mzizi mrefu chini, liliwasumbua mpaka alasiri. Lilipobiringika, watu walipiga makofi, na yeye alipiga nao.

Wakati naaga, uani palikuwa pamejaa. Mtu alikuwa ameleta redio, mwingine anamenya viazi na mkewe. Niliinama karibu na sikio lake nikasema nisichopaswa kumwambia mgonjwa. "Mzee, umewaachia uongo."

"Najua," alisema. Alimeza kwa shida, nikamsubiri. "Nikishazikwa waambie. Waambie jiwe halikuwa na kosa. Waambie vizuri, na ukiweza waandikie. Lakini leo usinifukuzie watu."

Nilipogeuka kwenye njia nilimwona Baba Upendo amevuta benchi lake mpaka limegusana na kile kiti, anamsimulia jambo refu kuhusu ng'ombe wake aliyepotea, na Mkaguzi amemshikilia mkono wa shati, anasikiliza.